Laining mpya, breki ileile

Peugeot ilipozindua 504 mwaka 1968, saluni ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote manne. Ndugu yake mrefu, yule aliyekuja kuwa teksi ya abiria saba kwenye barabara kuu za Kenya, alipewa dramu nyuma. Mzigo mkubwa, breki ya kizamani? Dramu ina sifa zake. Shuu moja huvutwa na mzunguko wenyewe wa gurudumu ikazidi kujikaza, na hendibreki hukaa humo humo bila vifaa vingi.

Ndiyo maana mwenye pikapu kuukuu anayeingia gereji ya Migosi, Kisumu, akitaka nyuma pawekwe diski, mara nyingi anatibu ugonjwa usiokuwepo. Lalamiko lake linajulikana: laining ni mpya, lakini akishuka mteremko wa Riat na mzigo kutoka Kiboswa, kabla ya kufika Mamboleo breki imekwenda chini na inabidi apampu.

Kosa huanzia kwenye lethi. Dramu iliyolika hupelekwa kukerezwa, ikarudi inang'aa na kipenyo kimeongezeka. Shuu mpya nayo imepindwa kwa kipimo cha dramu ya kiwandani. Zikikutana, laining hugusa katikati tu, ncha zikabaki hewani. Kipande hicho kidogo hubeba kazi yote, hupata moto upesi na kupoteza msuguano. Dramu ikipata joto hutanuka na kuikimbia shuu, mguu nao ukafuata chini.

Fundi makini hupima kwanza. Dramu nyingi zimechapwa kipenyo cha mwisho. Ikikipita, hiyo ni skrepu hata ing'ae vipi. Ikiwa bado inafaa, hupaka chaki ndani yake, akaisugua shuu humo na kuipiga msasa panapogusa, hadi alama ya chaki ienee kote. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa kompresa: laining za zamani zilikuwa na asbesto.

Kisha mafuta. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke ndio unaopampiwa.

Jambo linalosahaulika kabisa liko chini ya bodi. Pikapu kama Toyota Hilux zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo: mzigo ukiikandamiza bodi, vali huongeza presha ya breki za nyuma. Mwenye gari akiongeza majani ya springi, mkia huinuka, na vali husoma kwamba gari ni tupu hata likijaa magunia. Breki za mbele ndizo zinazoungua. Mpaka fimbo irekebishwe na presha ipimwe kwa geji, hata diski mpya za nyuma zingepokea presha ileile haba.