Fundi Asiye na Haraka ya Kuiwasha

Redio ya valvu ikishushwa darini baada ya miaka sitini, kila aliyepo hutaka ichomekwe, isikike. Fundi anayeijua kazi yake huukunja waya wa umeme na kuuweka mbali.

Zitazame redio ndogo za mezani ambazo Wamarekani walizibandika jina All American Five, zilizotengenezwa kwa mamilioni tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi ile ya 1960. Valvu ni tano, na nyuzi zake za kupasha moto zimefuatana kama shanga. Katika toleo moja maarufu ni 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5. Tarakimu za mwanzo ni volti; zijumlishe, utapata 121, takriban umeme wa nyumba ya Marekani. Hesabu tamu! Iliondoa gharama ya transfoma, ila ikaacha hatari: kwa plagi za zamani, chasisi yenyewe yaweza kuwa na umeme, kutegemea zimeingizwa upande gani. Ndiyo maana fundi makini huiweka transfoma ya kutenga kati ya redio na soketi.

Mgonjwa amejificha ndani ya bomba la karatasi ngumu lililopakwa nta. Humo mna kapasita za elektroliti: alumini nyembamba iliyoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kemikali. Kinachozuia umeme kupita ni utando mwembamba wa oksidi juu ya alumini. Miaka ikipita, majimaji hukauka na utando hudhoofika. Redio huvuma; au kapasita huvujisha mkondo, ikachemka na kuiua 35Z5, valvu inayogeuza umeme uwe wa mwelekeo mmoja. Wapo wanaozipandishia volti polepole ili zijirudi, na baadhi hujirudi kweli, kwa muda. Lakini kapasita mpya ni rahisi kupatikana kuliko valvu ya zamani.

Plagi imetoka, bado kapasita yaweza kushikilia umeme. Fundi huumwaga kupitia rezista, mkono mmoja ukiwa mfukoni, kisha huisubiri mita ishuke karibu na sufuri. Kugusisha bisibisi mpaka cheche ziruke ni mbwembwe tu. Palipokuwa na maikrofaradi 20 hutia 22, palipokuwa na 50 hutia 47. Kapasita ya kwanza baada ya 35Z5 ikizidishwa mno, valvu hiyo huelemewa. Chanya huenda kwa chanya, maana kapasita iliyogeuzwa yaweza kupasuka.

Uhodari wenyewe hauonekani. Bomba kuukuu hupashwa moto hadi nta ilegee, uchafu wa ndani husukumwa nje, na kapasita mpya, ndogo kama kifundo cha kidole, hufichwa humo. Mtazamaji ataapa haijaguswa.

Ndipo redio inawashwa, kupitia balbu ya uzi ya wati 40 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna hitilafu. Ikimetameta kisha ikafifia, stesheni hazipo mbali. Kabla ya kufunga kasha, fundi huandika kwa penseli tarehe na alichobadilisha, kwa ajili ya fundi atakayelifungua tena.