Miaka Kumi, Pande Kumi

Sarafu ya shilingi 5 iliyotolewa mwaka 1971, Tanzania ilipoadhimisha miaka 10 ya Uhuru, ilikuwa na pande 10. Ukiizungusha mkononi unauhesabu muongo mzima kwa vidole, upande baada ya upande, huku sura ya Mwalimu Nyerere imetulia katikati.

Nakumbuka mama akiitoa kwenye pindo la khanga alikofungia pesa. Hakuwa na haja ya kuitazama. Kidole gumba kikishagusa zile kona, alijua ameshika dala, kama tulivyoiita shilingi tano. Baadaye makonda wa Dar es Salaam wakainadi dala hiyo hiyo kuwa nauli, hata mabasi yenyewe yakaitwa daladala. Ukumbusho wa taifa haukufungiwa kabatini. Ulinunua mchicha, ulilipa nauli, na kila mkono ulioupokea ulikumbushwa Uhuru.

Nyuma ya sarafu kama ile kuna fundi, na kuchonga kalibu ya sarafu au medali ni kazi ya kinyumenyume. Herufi hugeuzwa, paji la uso huchimbwa ndani ya chuma ili lije kutokeza juu ya sarafu. Nakshi ya sarafu aghalabu haiinuki hata milimita moja, na katika kimo hicho shavu lijae, jicho lione, jina lisomeke. Tangu msanii Pisanello alipotengeneza medali ya mfalme wa Bizanti kule Italia, karibu mwaka 1438, sharti halijabadilika: nafasi ni finyu, basi fundi achague. Mstari usio na kazi hauna pa kukaa.

Huko kuchagua ndiko tulikokuacha. Sikukuu zetu siku hizi zinaadhimishwa kwa fulana, kofia na mabango ya plastiki yaliyojazwa kila kitu: nembo, kaulimbiu, picha za wakubwa, hata majina ya wafadhili. Sherehe ikipita, fulana inapauka na bango linakwenda kufunikia mahindi. Mashine tunazo, tena bora kuliko za zamani. Kinachokosekana ni subira ya kumwita fundi mapema, kumwachia muda, na kukubali kwamba yako mengi hayataingia. Inauma, maana watoto wetu watarithi picha nyingi za sherehe zetu, na watahangaika kujua tulikuwa tunasherehekea nini.