Ruvuma Nzima Ndani ya Mabano

Mtabiri anayejua kuukata mkoa wa Morogoro vipande viwili ameshindwaje kuukata Ruvuma? Mnaofuatilia mwelekeo wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) mmeshaihifadhi orodha ya kanda. Kaskazini mwa Morogoro inakaa na Tanga na Dar es Salaam kwenye pwani ya kaskazini, kusini mwake inapandishwa nyanda za juu kusini magharibi pamoja na Iringa na Njombe. Kigoma nayo hugawanywa, kaskazini yake ikihesabiwa na maeneo ya misimu miwili ya mvua. Halafu inafika zamu ya kanda ya kusini. Mabano yanafunguliwa, mkoa wa Ruvuma unaingizwa mzima mzima, mabano yanafungwa, na ikiwa ni Juni au Julai mnajua kinachofuata: hali ya ukavu kwa ujumla.

Hayo mabano ndiyo kosa lenyewe. Setilaiti haina hatia hapa, wala kompyuta. Ni uamuzi wa mezani, wa kuchukua mipaka ya serikali na kuifanya mipaka ya mawingu.

Tuufungue mkoa tuone kilichomo. Una zaidi ya kilomita za mraba 60,000, yaani Rwanda na Burundi zingeingia zote mbili na nafasi ikabaki. Magharibi kuna Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa Nyasa, kwenye mita zisizozidi 500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Mbinga hazifiki hata kilomita 70 za lami, lakini umeshapanda milima ya Umatengo ambayo vilele vyake vinakaribia mita 2,000. Sisi wa Msamala na mji mzima wa Songea tuko kwenye mita 1,100 hivi, Matogoro ikiwa imetusimamia upande wa mashariki. Ukivuka Namtumbo unateremka hadi Tunduru, nchi ya mikorosho. Sasa niambieni ni wiki gani ya kipupwe ambayo sehemu hizo zote zimewahi kuwa na hali moja.

Kipupwe chetu kinajulikana kinavyofanya kazi. Mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini mwa Bahari ya Hindi, ule wa Mascarene, ukiimarika, unasukuma hewa baridi yenye unyevu kupitia Msumbiji kuja kwetu. Hiyo ndiyo kusi. Hewa hiyo ikikutana na mlima hulazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inatoa wingu zito la chini na manyunyu yanayoweza kudumu siku tatu bila ngurumo hata moja. Upande wa pili wa mlima hewa ileile inashuka, inapata joto, inakauka. Ndiyo maana wiki ambayo Matogoro haionekani kwa wingu, na watu wa Mbinga wanatembea na masweta mchana, mwambao wa Nyasa unaweza kuwa na jua kali na upepo wa kutosha kuzuia mitumbwi. Sababu ni moja, matokeo ni mawili yanayopingana, na kinachoyatenganisha ni mteremko wa milima. Mabano hayana mteremko.

Najua utetezi wao. Katika takwimu za mvua, siku huhesabiwa kuwa ya mvua kuanzia milimita 1, na manyunyu ya kutwa nzima yanaweza yasiifikishe. Kwa hesabu ya kipimamvua, basi, neno ukavu linasimama. Ila kipimamvua hupima maji yaliyoanguka, hakipimi saa ambazo jua limefichwa, na katika miezi hii saa za jua ndizo anazozitafuta mkulima. Mahindi yamevunwa, yanapukuchuliwa na kuanikwa kwenye maturubai. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hupokea yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5, na kipima unyevu hakina huruma na mtu aliyesoma kwamba wiki ni kavu akaacha mzigo nje. Mahindi yakilala na unyevu, kuvu huingia, na nyuma yake sumukuvu. Mbinga ndiyo kipindi cha kahawa, iliyomenywa na kuoshwa, imetandazwa kwenye vichanja. Ikirudiwa na unyevu kabla haijakauka, daraja linashuka. Tunduru manyunyu yenyewe hayana uzito sana, tatizo ni mawingu na unyevu wa asubuhi wakati mikorosho inatoa maua. Hali hiyo ndiyo ubwiriunga unaipenda, na ndiyo inayoamua lini salfa ipulizwe. Mazao matatu, maswali matatu, jibu moja la maneno matano.

Nisiseme lolote kuhusu lile neno lao la zamani, "mabadiliko kidogo", linalobandikwa chini ya utabiri wa kila siku kana kwamba ni muhuri wa ofisi? Mabadiliko ya nini, kwenda wapi? Nimelilalamikia sana, nitaendelea.

Na kuna kiwango cha chini cha joto. Kila kipupwe magazeti hukimbilia safu hiyo ya jedwali, Songea nyuzi ngapi, Njombe nyuzi ngapi, mashindano ya nani ameganda zaidi. Wiki ya manyunyu hiyo ni safu isiyo na msaada. Usiku wenye wingu huwa na joto zaidi kidogo kuliko usiku wa anga jeupe, kwa sababu wingu linazuia joto la ardhi lisipotee angani. Baridi ya wiki kama hiyo iko kwenye kiwango cha juu: mchana usiopanda. Atakayesoma safu ya chini peke yake ataona 12 badala ya 9 akadhani hali imetengemaa.

Watangulizi walikuwa na vifaa vichache na macho makali zaidi. John Findlater, aliyeuchunguza upepo wa Afrika Mashariki enzi za Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1969 kwamba hewa inayovuka ikweta kutoka kusini haitapakai sawasawa; hujibana ikawa mkondo mwembamba wenye kasi, unaofuata ubavu wa nyanda za juu. Angekuwa wa kufunga mabano, mkondo huo usingeonekana. Wenzetu wa Malawi nao wana manyunyu ya baridi yaliyo ndugu wa haya yetu, chiperoni, na wanayatabiri kwa kuufuata mgandamizo unapojongea pwani ya kusini mashariki mwa bara, wakitaja nyanda za juu zitakazopigwa.

Wakitaka, TMA wanaweza: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 walikifuatilia vizuri hadi Mafia.

Kwa hiyo wasinieleze habari ya nafasi. Wiki ya kusi kali, mstari wetu ungeweza kusomeka hivi: milima ya Umatengo, Songea na Matogoro, mawingu mazito, manyunyu ya vipindi na mchana wa baridi, mwambao wa Nyasa, ukavu na upepo mkali, Namtumbo na Tunduru, mawingu asubuhi na jua baadaye. Msomaji wa TBC angeyamaliza bila kuvuta pumzi mara mbili. Nafasi ikiwa haba kweli, waiondoe kwenye jedwali safu ya mawio, maana wiki kama hiyo hapa Msamala jua halionekani kabla ya saa tano, na hakuna anayehitaji kuambiwa dakika lilipochomoza.