Gari Halifiki Penye Theluji

Mtu wa Lusangi, huko Maniema, anayetamani kuiona theluji hawezi kungoja majira yaje nayo. Kabambare na Kasongo zina mvua na kiangazi, basi. Linalobaki ni kupanda, na swali la kwanza ni kupanda kiasi gani.

Hesabu yake tunaweza kuifanya tukiwa nyumbani. Kasongo iko kama mita 650 juu ya bahari, na wastani wa joto lake ni karibu nyuzi 24. Kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6. Nyuzi 24 zinakwisha ukishapanda mita 4,000, yaani kwenye mstari wa mita 4,650 hivi. Chini ya mstari huo theluji huanguka ikayeyuka. Ndiyo maana Karisimbi, mlima wa mita 4,507, huamka mweupe asubuhi moja na kurudi rangi yake muda si mrefu. Jina lake lenyewe linatokana na isimbi, simbi nyeupe. Rwenzori, mita 5,109, inauvuka mstari, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, inauacha mbali.

Watu wa Maniema walipita chini ya theluji hiyo zamani. Mwaka 1888 mfanyabiashara Tippu Tip alikwenda Kasongo kukusanya wapagazi wa msafara wa mpelelezi Stanley, na mwaka uliofuata Wamanyema walikuwamo katika msafara huo ulipofuata bonde la Semliki, Rwenzori ikiwa juu yao. Stanley mwenyewe aliuona mlima Mei 1888, pale kijana mmoja alipomwonyesha kilele kinachosemwa kimefunikwa chumvi. Mwaka 1876 alikuwa amefika karibu na milima hiyo asiitambue theluji. Sababu ni hewa: jua likipasha bonde, unyevu hupanda, hupoa, huwa wingu, na wingu hukaa kileleni kutwa.

Juni 1889 Stanley alimtuma Luteni William Stairs aupande mlima pamoja na Wazanzibari. Usiku uliwakuta njiani, na kesho yake, walipofika kama mita 3,250, wakaona makorongo bado yanawatenganisha na kilele. Chakula na nguo za baridi vilikuwa haba, wakarudi. Wengi huihesabu safari ile kuwa imeshindwa. Mimi naona vipimo vyake vinatufaa hadi leo, kwa sababu gari nalo huishia karibu na kimo kilekile.

Njia ya gari iliyo wazi zaidi ni ya Kilimanjaro upande wa magharibi: Boma Ng'ombe, Sanya Juu, lango la Londorossi, kisha uwanda wa Shira, kwa gari la magurudumu manne yote yenye nguvu na kwa kibali cha hifadhi. Barabara inakuachia kwenye mita 3,500 hivi. Hapo mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani. Injini ya kabureta inakosa nguvu, na abiria aliyelala mjini Moshi jana anaumwa kichwa kwa sababu hiyohiyo: wote wawili wamepungukiwa oksijeni. Asilazimishwe kutembea; akizidiwa, dawa ni kushuka.

Kutoka hapo mpaka mstari wetu zimebaki zaidi ya mita 1,000. Theluji ya safari ya siku moja ni ya macho, na anayewaahidi watoto kuifinyanga mkononi anawadanganya. Hata ya macho inapungua: picha alizopiga Vittorio Sella kule Rwenzori mwaka 1906 zina barafu ambayo leo ni mwamba mtupu. Inaniuma kwamba mjukuu wa mpagazi wa Kasongo anaweza kufika akaikosa.

Kwa hiyo saa ndiyo kila kitu. Ondokeni Moshi kungali giza, katika Januari au Februari, kabla wingu halijaanza kupanda. Gari likisimama, tazameni juu kwanza; chakula kitashushwa baadaye.