Mguu Uliobaki Chini

Watazamaji wa karate hufuata mguu unaoruka. Ndio unaotoa kishindo, ndio unaomrudisha mpinzani nyuma, ndio unaopigwa picha. Mwenye kuijua kazi hii huangalia mguu wa pili, ule ulioachwa ardhini. Katika teke la pembeni, ambalo wanakarate wa Kongo huliita kwa jina lake la Kijapani, yoko geri, mguu huo ndio unaoamua kila kitu. Nimelipenda teke hili miaka mingi, na kila ninapolitazama macho yangu hushuka chini.

Litazame likipigwa polepole. Goti linapanda kwanza, limekunjwa, hadi karibu na kifua. Kisigino cha mguu wa chini kinazunguka kumwelekea mpinzani, na nyonga inageuka pamoja nacho. Hapo ndipo goti linaponyooka na makalio yanaposukuma, mguu ukaenda moja kwa moja na kurudi kwa njia ileile, kama mchi ndani ya kinu. Kinachogonga ni kisigino na ukingo wa nje wa unyayo, vidole vikiwa vimevutwa nyuma. Mguu ukifika mwisho wake, bega, nyonga, goti na kisigino vinakuwa mstari mmoja. Kisha goti linarudi kifuani kabla unyayo haujagusa chini. Anayeuacha mguu uanguke wenyewe baada ya kupiga hajamaliza teke lake.

Kule kuzunguka kwa kisigino kuna sababu iliyo ndani ya mifupa. Sehemu ya juu ya mfupa wa paja ina nundu inayojitokeza ubavuni. Ukiinua mguu kwa upande bila kugeuza nyonga, nundu hiyo hukutana na mfupa wa nyonga, na mguu hukwama karibu nyuzi 45. Ukigeuza nyonga, njia inafunguka. Na kama nyonga imegeuka huku unyayo wa chini umeganda pale pale, msokoto wote unaishia kwenye goti. Magoti mengi ya vijana huharibika hivyo, kwa haraka ya kupiga juu kabla ya kujifunza kusimama.

Karate ilipotoka Okinawa, mateke yake mengi yalikuwa ya chini. Mwalimu Gichin Funakoshi aliipeleka Tokyo mwaka 1922, na mwanawe Yoshitaka ndiye anayetajwa zaidi kwa kuyapandisha mateke na kuyapa nyonga, likiwemo hili la pembeni, katika miaka ya 1930. Wengi walioliona kwenye sinema kabla ya kuliona uwanjani walilipata kwa Bruce Lee: katika Enter the Dragon ya mwaka 1973 anampiga adui yake O'Hara teke la pembeni linalomtupa hadi katikati ya watu waliokuwa wakitazama.

Lakini mtu anayenifundisha zaidi ni Mmarekani Bill Wallace. Mwaka 1966 aliumia goti la kulia akicheza judo, na tangu hapo hakuweza kuutegemea mguu huo kwa kupiga. Akabaki na wa kushoto tu. Kwa mguu huo mmoja alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati katika karate ya mapigo kamili (full contact) kuanzia 1974 hadi alipostaafu mwaka 1980, bila kushindwa. Mateke yake makuu yalikuwa matatu: la pembeni, la kuzungusha na la ndoano. Yote matatu yalianza na goti lililoinuliwa namna ileile, hata mpinzani asijue linakuja lipi. Watu waliusifu mguu wa kushoto, na walikuwa na haki. Ila kila teke la kushoto lilisimama juu ya mguu wa kulia, ule uliojeruhiwa. Mguu usioweza kupiga ndio uliobeba ubingwa wote.

Miguu ya kusimamia namna hiyo, sisi wa Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, hatuikosi. Kati ya Kasongo, Lusangi na Kabambare mizigo mingi husafiri kwa baiskeli zinazosukumwa: magunia yamefungwa pande zote, fimbo imefungwa kwenye usukani, na mwenye baiskeli anatembea kando yake akipanda na kushuka vilima. Mtazame kwenye mwinuko wenye utelezi. Kila hatua anasimama kwa mguu mmoja, nyonga imekaza isishuke upande, na mwili wote unasukuma kutoka kwenye kisigino. Misuli ya ubavu wa nyonga inayomshikilia pale ndiyo ileile inayomshikilia mpiga teke. Nguvu imeshapatikana barabarani. Kinachobaki ni kuielekeza.

Kuielekeza huko hakuhitaji vifaa vya gharama. Shika ukuta au mti kwa mkono mmoja. Inua goti, geuza kisigino, nyosha mguu polepole hadi usawa wa kiuno, uache hapo kwa kuhesabu mpaka tano kwa Kijapani, ichi, ni, san, shi, go, kisha uukunje kabla ya kuushusha. Mara kumi kila upande zinatosha kumtetemesha hata mtu mwenye mapaja manene. Baada ya hapo, chuchumaa kwa mguu mmoja ukishikilia ukuta, na usimame mkao wa mpanda farasi hadi mapaja yawake moto. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kikifungwa kifundoni na kwenye nguzo, kinaongeza uzito kidogo kidogo. Na Kasongo, nchi ya mpunga tangu enzi za Waungwana, yaani wafanyabiashara wa pwani na watu wao, haikosi pumba za kujaza gunia la kupigia. Siku ukiipa nyonga kazi nzito, kesho yake iache ipumzike.

Urefu wa teke uje mwisho. Teke linalofika usawa wa kiuno likiwa na mstari kamili, na mpigaji akabaki amesimama imara baada yake, lina thamani kuliko linalopita juu ya kichwa na kumyumbisha mwenyewe. Ndiyo maana namheshimu sana mwalimu anayewashikisha watoto ukuta wiki baada ya wiki, kimono zao zimelowa jasho, kabla hajawaruhusu kupiga kwa nguvu hata mara moja. Wazazi wengine hudhani anawachelewesha. Anawajengea magoti ambayo wakifika umri wa babu zao bado yatawapandisha vilima vya Lusangi.