Kitabu cha Tippu Tip na Vijana wa Kanyenye

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: hata daftari lenyewe likikosa msomaji, habari hupotea vilevile.

Hivi karibuni tuliwakusanya vijana wachache hapa Kanyenye, tukawasomea kwa sauti Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Maisha hayo aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, naye Mjerumani Heinrich Brode akayapiga chapa huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Tulidhani vijana watasinzia, hawakusinzia. Waliposikia habari za baba yake, aliyemwoa Karunde binti wa Mtemi Fundikira, na za vita vya Mnywa Sere na Mkasiwa, walisogea karibu, maana nchi inayotajwa ni yao na lugha ni yao.

Sifa ya kitabu hiki ni uwazi wake. Mwenyewe hana madoido. Asimulia kama mfanyabiashara ahesabuye pembe, nguo na madeni. Lakini kina upungufu mkubwa, nao haukuonwa na sisi walimu, ila na kijana mmoja aliyeuliza: "Mwalimu, hao wapagazi waliochukua pembe, waliitwa nani?" Tukapekua kurasa. Majina ya watemi na matajiri ni mengi. Wapagazi wametajwa kwa wingi wao tu, na watumwa hawakupewa nafasi ya kusema neno.

Wala mtu asiseme kwamba wachukuzi hawakuwa na la kuandika. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao walipoichukua maiti ya Livingstone kwenda pwani, walipita hapa Unyanyembe. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi, aliandika habari za safari hiyo kwa mkono wake. Lakini ni wangapi kwetu wamjuao? Nyumba ya Kwihara twaijua kwa jina la mgeni aliyelala humo. Waliomchukulia mizigo hatuwaulizi.

Basi kosa ni letu walimu. Twawapa vijana miaka ya kukariri, kisha twalalamika kwamba hawapendi mambo ya kale. Hati ya zamani haipendezi kwa kusifiwa; hupendeza kijana akiruhusiwa kuihoji, na kuijaza pale iliponyamaza.

Kijana yule tulimpa karatasi, tukamtuma kwa bibi yake. Alirudi na jina moja, la babu wa babu yake, mpagazi wa njia ya pwani. Karatasi hiyo tumeiweka ndani ya kitabu, penye ukurasa unaotaja wapagazi. Nanyi wasomaji, waulizeni wazee wenu wangali hai, mkaandike.