Tik ya Citroën

Citroën kuukuu inayobebwa na mafuta badala ya springi ina mlio wake wa afya: tik moja kavu chini ya boneti, kisha kimya kirefu, kisha tik nyingine. Fundi anayekuahidi kuinyamazisha kabisa bado hajaijua. Ukitaka kumpima, mpelekee gari lenye kelele, simama kando, utazame anaanza na nini.

Anayeijua kazi huanza na saa. Huwasha injini, huacha breki na usukani bila kuvigusa, kisha huhesabu muda kati ya tik na tik. Mlio huo ni wa regyuleta. Pampu inasukuma mafuta kwenye tufe la akiba. Shinikizo likifika takriban baa 170, ambazo ni zaidi ya mara sabini ya upepo wa tairi lako, regyuleta huipumzisha pampu, na likishuka karibu na 145 huirudisha kazini. Tik ikija kila baada ya nusu dakika au zaidi, mambo ni mazuri. Ikija kila sekunde mbili tatu, mara nyingi naitrojeni ya tufe la akiba imevuja kupitia kiwambo cha mpira kinachoitenga na mafuta.

Neno “mara nyingi” ndilo linalotenganisha mafundi. Wa kawaida atakuuzia matufe yote, la akiba na yale ya magurudumu, kwa mpigo, na gari litalainika kweli, kwa hiyo utamshukuru. Hodari atabadilisha lile la akiba peke yake, kisha atahesabu upya. Kama tik bado ni za haraka, anajua mafuta yanapenya mahali na kurudi tanki: kwenye vali za kurekebisha kimo, au kwenye usukani. Huko atafuata mipira ya marejeo mmoja mmoja, kazi ya kuchosha isiyo na sifa.

Matufe ya magurudumu yana kipimo chao, nacho ni mkono. Injini ikiwa hai na gari likiwa kwenye kimo cha kawaida, bonyeza kila pembe ya bodi. Ikizama na kurudi taratibu, gesi ipo. Ikigoma kama umesukuma ukuta, tufe la pembe ile limekufa, na ule mtetemo unaousikia kwenye kokoto umetoka hapo.

Mngurumo unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta ni habari nyingine. Hapo pampu inavuta hewa. Fungua tanki: mafuta yenye povu yanathibitisha. Watu hukimbilia kununua pampu, kifaa cha bei ambacho kwa kawaida hakina kosa; mwenye busara huosha kwanza vichujio vya tanki, kisha hukagua mpira unaotoka tanki kwenda pampu, maana ufa mdogo tu kwenye mpira huo hauvujishi tone lakini huingiza hewa. Kiasi cha mafuta husomwa gari likiwa limeinuliwa hadi kimo cha juu kabisa, injini ikiunguruma. Ukimwona anasoma gari likiwa limelala chini, anza kutafuta fundi mwingine.

Mkwaruzo wa nyuma unaosikika gari likipanda na kushuka huweza kuwa kichwa cha fimbo ya silinda kilichokauka, na dawa yake ni grisi. Lakini kwa modeli za BX na Xantia, simama nyuma ya gari utazame magurudumu. Yakiwa yameinamiana kwa juu, beringi za mikono ya nyuma zimekwisha, na grisi haitaokoa kitu. Ule mpumuo wa polepole baada ya abiria kushuka uache. Ni gari linajirekebisha kimo.

Baada ya kazi, tazama matufe yenyewe. Hufunguliwa kwa mnyororo au mkanda, shinikizo likiwa limetolewa kwanza kwa kulegeza skrubu ya regyuleta, na hurudishwa kwa kukazwa na mkono tu, pamoja na sili mpya. Alama za patasi na nyundo juu ya chuma zinakueleza aliyepita hapo. Tazama pia rangi ya mafuta. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 hadi Xantia, magari haya hutumia LHM ya kijani, ileile inayoendesha breki. DS za mwanzo zilitumia mafuta mengine, na sili zao ni tofauti. Aliyeongeza mafuta ya kawaida ya breki kwenye tanki la LHM amezilisha sili zote sumu. Mwulize fundi wako pia kama aliingia chini ya gari bila stendi, akitegemea kimo chake tu. Shinikizo likitoka, gari hili hulala chini na halingoji mtu atoke.